Tuubakize Udongo wa Uani

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, na kadhalika ya Tanga, Mombasa na Unguja, imeingia desturi ambayo watu wameipokea bila ya kuihoji, nayo ni ya kuufunika ua wote wa nyumba kwa saruji au kwa vitofali vinavyopangwa chini. Mwenye nyumba akisha kuezeka paa, kupiga lipu kuta na kusimamisha geti, humwita fundi wa mwisho, na fundi huyo huanza kupanga mlangoni akaendelea mpaka ukutani, asibakishe mahali ambapo jembe laweza kuingia. Kazi ikiisha ua hung'aa, gari hupata pa kukaa, na watoto hucheza bila ya kuchafua miguu. Siwalaumu wapendao usafi, maana usafi ni murua wa nyumba. Lakini naona ni wajibu wangu kusema kwamba katika kazi hiyo imo hasara ambayo aghalabu haihesabiwi, na kwamba kila nyumba iliyojaaliwa ua, hata ukiwa mdogo, yapaswa kubakiza sehemu ya udongo wake kwa ajili ya mboga.

Jambo hili si geni pwani. Ua wa nyumba ya Mswahili tangu zamani ulikuwa mahali pa kazi na pa riziki: hapo palitwangwa, palianikwa, palipikwa, na pembezoni mwake paliota vitu ambavyo mpishi alivifikia kwa mkono bila ya kufungua mlango wa mbele. Palikuwa na mrehani na mchaichai, mpilipili mmoja au miwili, mndimu, mronge uliosimamishwa ugoni ukawa nguzo na mboga kwa wakati mmoja, na mara nyingi mti wa kisamvu cha mpira. Mti huu wa mwisho una historia inayostahili kukumbukwa. Asili yake ni Brazili. Katika enzi ya Wajerumani ulipandwa kwa wingi katika mashamba makubwa, hususa upande wa Tanga, kwa ajili ya utomvu wake uliofanywa mpira, na bei ya mpira ilipoporomoka katika soko la dunia mwaka 1913 mashamba yale yalipoteza thamani. Matajiri walihasirika, lakini mti ulibaki, na majani yake yaliyotwangwa na kuungwa kwa tui la nazi yamekuwa kitoweo cha watu ambao hawakuwa na hisa hata moja katika mpira. Kilichokuwa bidhaa ya dola kikawa mboga ya uani, na hadi leo chaliwa ilhali dola lenyewe limekwisha kusahauliwa.

Tena, bustani ya nyumbani imetuokoa katika nyakati za dhiki ambazo wazee wetu bado wanazikumbuka. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoipunguzia nchi chakula, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilitoa mwito uliojulikana kwa jina la Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwito huo haukuwaacha watu wa mjini. Ikaja miaka ya 1980, mishahara ikapoteza thamani, na walimu, makarani na wauguzi wa Dar es Salaam wakajikuta wanalima mchicha na kufuga kuku nyuma ya nyumba, si kwa anasa bali kwa sababu mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Sheria nayo ilifuata nyuma taratibu: mwaka 1992 zilitolewa kanuni za kilimo cha mijini, ambazo zilikitambua kilimo hicho na kukiwekea mpaka wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Basi hatuzungumzi juu ya mchezo wa wenye nafasi. Twazungumza juu ya jambo ambalo watu wa miji yetu walilitegemea, likatambuliwa na sheria, na ambalo sasa linafukiwa chini ya vitofali na watoto wa watu wale wale waliolelewa nalo.

Pamoja na hayo, insafu yanilazimisha niseme wazi kwamba bustani ya uani ina masaibu yake, na kwamba wengi walioianza kwa moyo mkunjufu wameiacha kwa uchungu. Mwandishi anayeisifu bustani bila ya kutaja taabu zake huwadhulumu wasomaji, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa kapu la nyanya akapata miti iliyonyauka hatarudi tena kulima, na saruji ndiyo itakayoshinda.

Taabu ya kwanza ni maji, nayo ni kubwa kuliko nyingine zote. Katika jua la pwani, tuta lililostawi hunywa kiasi cha lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Kwa hiyo tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 huhitaji dumu zima la lita 20 kila siku ambayo mvua haikunyesha. Kwa nyumba ambayo bomba lake hutoa maji kila siku, hilo si tatizo. Kwa nyumba inayopata maji kwa zamu, au inayonunua kwa dumu kutoka kwa wasukuma mikokoteni, dumu hilo moja hushindana na maji ya kupikia na ya kuogea, na hapana mama wa nyumba mwenye akili atakayemnyima mtoto maji ili aupe mchicha. Ndiyo maana mwenye kuanza bustani yampasa kwanza ajue maji yake yatoka wapi, kabla hajajua mbegu zake zatoka wapi. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa sana. Maji yenye sabuni nyingi ya unga hayafai. Paa la bati likiwekewa mfereji na pipa hukusanya mvua ambayo vinginevyo ingepotea. Na udongo wa pwani ambao ni mchanga mtupu, usioweza kushika maji, hutulia ukichanganywa na mboji na samadi iliyooza, ukafukiwa makumbi ya nazi chini ya tuta, na juu ukatandazwa majani makavu ili jua lisiunyonye. Makumbi hayo twayatupa jalalani kila siku. Yakiwa chini ya tuta hunywa maji asubuhi na kuyatoa kidogo kidogo mpaka jioni.

Kuna na taabu ya chumvi, ambayo watu wa bara hawaijui. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, na mtu humwagilia kwa bidii asijue kwamba kila ndoo anayoimwaga yazidi kuudhuru udongo. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii kabisa hali hiyo. Spinachi, ambayo ni ndugu wa kiazisukari, huvumilia sana, na mchicha huvumilia kwa kiasi. Mwenye kisima cha chumvi asikate tamaa, lakini achague mboga kwa kuyaonja maji yake, na masika yanapoingia auache udongo uoshwe na mvua.

Sasa nifike kwenye nyanya, maana hapa ndipo bustani nyingi za uani hufia. Karibu kila mtu anayeanza hutaka nyanya. Sababu yafahamika: nyanya huliwa kila siku, bei yake hupanda na kushuka bila ya huruma, na picha ya nyanya nyekundu iliyoning'inia mtini humvutia kila mwenye macho. Lakini nyanya ni mmea unaopenda usiku wa baridi. Joto la usiku likizidi nyuzi 21 au zaidi kidogo, maua yake huanza kudondoka bila ya kushika tunda, kwa kuwa chavua huharibika. Na usiku wa Dar es Salaam katika Januari na Februari aghalabu haushuki chini ya nyuzi 24. Mti utakuwa mrefu, majani yatakuwa ya kijani kibichi, majirani watausifu, na hautazaa. Juu ya hayo kuna mnyauko wa bakteria, ambao huuingia mmea kupitia mizizi. Leo asubuhi mmea ni mzima, jioni umelala kama uliomwagiwa maji ya moto, na dawa yake hakuna ila kuung'oa na kutopanda nyanya, biringanya wala pilipili mahali pale kwa misimu kadhaa. Na tangu mwaka 2014 ameingia Tanzania mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini ambaye wakulima wamempa jina la Kantangaze. Funza wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kupulizia haimfikii kwa urahisi, na huweza kuliangamiza shamba zima, sembuse miche michache ya uani.

Simkatazi mtu nyanya. Ninachosema ni kwamba nyanya si mwalimu mwema wa mtu anayeanza. Atakayezitaka pwani azipande kwa kuhesabu miezi, miche iwe imeingia ardhini masika yakielekea kwisha, ili zichanue katika kipupwe, Juni mpaka Agosti, wakati usiku umepoa na mvua zimepungua. Tena ahakikishe kwanza kwamba ameshakula mchicha wake mwenyewe kwa misimu miwili mitatu.

Maana kuna mboga ambazo hazigombani na pwani, nazo ndizo zile zile ambazo kwa muda mrefu zilidharauliwa zikaitwa mboga za kimaskini. Mchicha huota kwa siku chache, na baada ya wiki tatu au nne tangu kupandwa huwa tayari kuliwa. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kusia ili zisiangukie mahali pamoja, kisha hufunikwa kwa udongo mwembamba sana. Anayezifukia kwa kina hulaumu duka la mbegu bila ya haki. Ukiung'oa umekwisha, lakini ukiukata juu ya vifundo vya chini utachipuka tena na tena. Matembele hayahitaji hata mbegu: mtu huomba kamba za viazi vitamu kwa jirani, huzikata vipande vya urefu wa shibiri moja na nusu, huzilaza katika tuta lenye unyevu, na baada ya mwezi na kitu huanza kuchuma, akaendelea kuchuma kwa miezi mingi pasipo kupanda tena. Kunde hutoa majani kwanza na maharagwe yake baadaye, na mizizi yake ina vinundu vinavyokaa bakteria wa kutengeneza rutuba, hivyo huiacha ardhi ikiwa bora kuliko ilivyoikuta. Bamia hulipenda joto ambalo nyanya hulikimbia, na huanza kuzaa baada ya miezi miwili hivi. Mnavu, mlenda, mgagani na majani ya maboga hayahitaji nasaha ndefu. Na mchunga, wenye uchungu wake unaopendwa na wajuao, mara nyingi hujiotea wenyewe penye udongo ulioachwa wazi, ukangoja kutambuliwa.

Kisamvu nacho kimo katika orodha hii, ila nataja kwa mkazo kwamba majani ya muhogo na ya mpira yana sumu ya sianidi na hayaliwi mabichi. Desturi ya bibi zetu ya kuyatwanga sana na kuyachemsha kwa muda mrefu bila ya kufunika chungu haikuwa ya bure: kutwanga huifungua sumu, na moto huiondosha pamoja na mvuke. Wanaotafuta njia ya mkato katika jambo hili waiache.

Wataalamu wamerejea kwenye mboga hizi baada ya kuzisahau kwa muda. Huko Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia umri wake wa kazi kuzichunguza na kuzitetea mboga za kienyeji, akathibitisha kwa vipimo ubora ambao wanakijiji waliujua kwa mazoea. Na Arusha, katika kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kilichoanza kazi mwaka 1992, zimehifadhiwa na kuboreshwa mbegu za mchicha, mnavu na nyanya chungu, na aina ya nyanya chungu iitwayo Tengeru White imeenea katika masoko yetu. Nyanya chungu, kwa hakika, ndiyo ningemshauri mtu apande pale alipokusudia kupanda nyanya, kwa sababu huvumilia joto na huzaa kwa muda mrefu. Ni ndugu wa nyanya, kwa hiyo nayo haiaminiki penye mnyauko, lakini subira yake ni kubwa zaidi.

Wadudu hawakosekani. Vidukari huufunika mkunde kwa weusi katika siku mbili tatu. Maji yenye sabuni kidogo ya kipande, au maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha, huwapunguza vya kutosha kwa bustani ndogo, ilimradi yapuliziwe chini ya jani walipo na si juu ambako hawapo. Mwenye kutumia sumu ya dukani kwa tuta la mita nne ambalo watoto wake huchuma kila jioni ameyakosa maslahi yote ya kulima nyumbani. Konokono mkubwa tumjuaye, ambaye asili yake ni pwani hii ya Afrika ya Mashariki na ambaye binadamu wamemsambaza mpaka Asia na Amerika akawa balaa huko, hapa pia hula miche usiku. Dawa yake ni kumwokota kwa tochi baada ya mvua, na kutokumwachia mirundo ya mawe na mbao za kujifichia mchana. Kuku ni mwizi mwenye haki ya nyumbani, na dawa yake ni uzio. Mavi yake ni mbolea kali mno, ambayo ikitiwa mbichi huunguza mizizi. Yarundikwe pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, yamwagiwe maji, yageuzwe, na yaachwe mpaka harufu ikome.

Je, kuna faida ya fedha? Hapa napenda kuwa mkweli, kwa sababu wapo wanaowaahidi watu utajiri katika gunia la mchicha. Mtu akihesabu maji aliyonunua, mbegu, samadi na saa zake za asubuhi, kisha akalinganisha na bei ya fungu la mchicha sokoni, mara nyingi atakuta kwamba mkulima wa Kibaha au wa bondeni anamuuzia kwa bei ambayo yeye haiwezi. Bustani ya uani huokoa fedha pale tu ambapo maji si ya kununua, na pale mboga zinapokuwa zile zinazochumwa mara nyingi kwa kupandwa mara moja. Hata hivyo siku za masika, barabara zinapoharibika na mboga kupanda bei, tuta la matembele huonekana thamani yake waziwazi.

Faida yake kubwa iko kwingine. Shirika la Afya Duniani lanasihi kila mtu mzima ale walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu hatufiki huko, si kwa kukosa hela daima bali kwa sababu mboga haiko karibu. Kitu kilicho hatua kumi kutoka jikoni huliwa. Kilichoko sokoni hungoja Jumamosi. Mchicha uliochumwa alasiri ukapikwa magharibi haujapoteza ladha wala vitamini katika jua la gengeni. Na zaidi ya yote, mla mboga yake ajua ilinyweshwa nini. Nalitaja jambo hili kwa tahadhari, kwa kuwa sitaki kuwavunjia heshima wakulima wa mabonde ya Dar es Salaam, ambao wanailisha miji yetu kwa jasho na ambao hawakuyachafua wao maji wanayoyatumia. Lakini wanasayansi waliopima maji na mboga za bonde la Msimbazi wamekuta humo madini mazito, risasi ikiwa miongoni mwake, yatokanayo na viwanda, gereji na barabara. Kosa ni la mji mzima ulioufanya mto kuwa mfereji wa taka. Mpaka mto huo usafishwe, mwenye ua ana njia ya kujikinga, naye aitumie. Ila asilime mahali palipomwagwa oili chafu au palipovunjwa betri, maana hapo atakuwa ameuleta Msimbazi nyumbani kwake.

Wapo watakaojibu kwamba udongo uani huleta matope, nyoka na mbu. Matope huzuiwa kwa kutenga njia za kupitia na kuzitandaza kokoto. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na vichaka, si tuta lililopaliliwa. Na mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo iliutesa mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika vyombo vinavyotuama maji: makopo, matairi, ndoo zilizosahauliwa, na visahani vya chini ya maua ya vyungu. Udongo huyanywa maji; saruji iliyotitia huyaweka.

Kwa upande wa maji ya mvua, hoja yangu yazidi kupata nguvu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika Aprili, ikinyesha juu ya ua wa mita za mraba 100 uliofunikwa wote, ua huo hutoa lita 5,000, yaani madumu 250, ambayo hayana pa kwenda ila kwa jirani wa chini, na kutoka kwake kwa jirani mwingine, mpaka bondeni. Uzidishe kwa nyumba za mtaa, kisha kwa mitaa ya mji ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Mafuriko ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018 yana sababu nyingi, na sisemi kwamba vitofali vya uani ndivyo vilivyoyaleta. Nasema kwamba kila ua unaoyameza maji yake mwenyewe unampunguzia mzigo mtu aishiye bondeni, ambaye hana uwezo wa kuhama.

Wapangaji wasio na ua wana haki ya kuuliza hoja hii yawahusu vipi. Wenzao wa Kibera, Nairobi, wameonyesha njia kwa magunia: gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yafike mpaka chini, na miche ya sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Gunia moja halichukui nafasi kubwa kuliko kiti, na mpangaji akihama huweza kuanza lingine. Lakini hiyo ni hila ya aliyebanwa. Mwenye kiwanja chake hana udhuru wa kuiga dhiki ambayo hakulazimishwa kuwa nayo.

Ndiyo sababu naziomba halmashauri zetu, zinapotoa kibali cha ujenzi, ziangalie na ua pia. Kibali huuliza juu ya nguzo, choo na umbali kutoka mpakani. Kiulize vilevile ni sehemu gani ya kiwanja itakayobaki na udongo wazi. Maofisa ugani, ambao mjini huonekana kwa nadra, wapelekwe mitaani japo mara moja kabla ya masika na mara moja kabla ya vuli, wawaambie watu kipi cha kupanda katika mwezi gani. Na wenye maduka ya pembejeo wafikirie kufunga mbegu kwa vipimo vidogo, kwani pakiti iliyokusudiwa nusu ekari humaliza uhai wake kabatini kwa mtu mwenye matuta mawili.

Kwa mwenye nyumba ambaye fundi wake hajaja bado, kazi ni nyepesi. Atazame uani kwake asubuhi na alasiri, ajue upande upi hupata jua kwa saa 6 walau, na upande huo, karibu na jiko na karibu na bomba, autenge kwa kigingi na kamba kabla ya mchanga na saruji kushushwa. Upana wa mita 1 unatosha, kwa kuwa mkono hufika katikati kutoka pande zote mbili bila ya kukanyaga tuta. Na aliyekwisha kufunika asidhani kuwa mlango umefungwa: vitofali vilivyopangwa juu ya mchanga hung'olewa kwa mtaimbo bila ya kuvunjika, na safu chache za karibu na ukuta zikiondolewa zatosha kuwa kingo za tuta lenyewe.